Kandambili za Rangi Mbili

Marehemu mume wangu alinifundisha ufungamano wa chembe Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 1996, nyumbani kwetu Lemara, Arusha, kwa kutumia kandambili zake za bluu. Naitaja tarehe kwa sababu baadaye ilikuja kuwa na uzito ambao siku ile hakuna aliyeuona, na kwa sababu sisi tuliosoma tukiwa watu wazima hatuna anasa ya kusahau lini tulijifunza nini. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1971, nikaolewa 1975, nikazaa mabinti wawili. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea Novemba 1987, wa kidato cha sita 1990, na diploma ya ualimu niliipata 1992. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichopewa kwa kuonewa huruma.

Miaka ile serikali ilikuwa imelegeza masharti ya biashara. Maduka yalijaa bidhaa, mitumba ikamwagwa kila kona ya mji, na mshahara wa mwalimu ukawa jambo la kuchekesha. Kila mwenye ujuzi aliuuza. Sisi tuliuza fizikia. Januari 1993 tulianza tuisheni sebuleni, na Machi 1996 tukaezeka vyumba viwili vya madarasa upande wa chini wa kiwanja. Matofali niliyafyatua pamoja naye. Mchanga niliuchekecha mwenyewe, likizo baada ya likizo, mgongo wangu ukiuelekea Mlima Meru. Mume wangu alitoka Kilimanjaro, mimi ni Mmeru wa huku Makumira. Ndugu zake walipenda kusema, “Mwalimu ameoa Umeruni,” kwa sauti ya watu wanaosimulia kwamba ndugu yao aliibiwa njiani.

Rafiki yake aliyekuwa akisoma ng’ambo alimtumia nakala za makala kuhusu namna chembe zilizofungamana zinavyoweza kutumika kubeba habari. Alizisoma hadi karatasi zikalainika kama kitambaa. Jumamosi ile alizitia kandambili zake katika mifuko miwili myeusi ya plastiki, kila mfuko kandambili moja, akaichanganya nyuma ya mgongo, kisha akampa mfuko mmoja binti wa kidato cha tano aliyeishi mtaa wa Daraja Mbili.

“Nenda nao nyumbani,” alimwambia. “Ukaufungulie huko huko.”

Binti alipoondoka, akaufungua mfuko uliobaki mbele yetu. Ilikuwa kandambili ya kushoto.

“Daraja Mbili kuna nini?”

“Ya kulia!” wanafunzi walijibu kwa pamoja.

“Nani kawapigia simu?”

Walicheka. Naye akasubiri wamalize, kama alivyozoea, kisha akasema, “Sasa sahauni kandambili. Huu sio ufungamano. Hii ilikuwa ya kushoto tangu kiwandani, mimi nimechungulia tu.”

Akachora ubaoni chembe mbili, ndogo kuliko atomu, zilizozaliwa pamoja, moja imepelekwa Dar es Salaam na nyingine imebaki Arusha. Kila moja huulizwa swali moja kati ya matatu, nalo huchaguliwa kwa bahati nasibu baada ya chembe kutengana. Jibu ni ndiyo au hapana. Zikiulizwa swali lile lile, hupatana kila mara. Mtu atadhani zilikubaliana majibu kabla ya kuachana. Lakini hesabu inakataa. Anayejiandalia majibu ya maswali matatu kwa maneno mawili tu, lazima alirudie neno mojawapo. Kwa hiyo chembe zilizokubaliana mapema, zikiulizwa maswali tofauti, zingepatana kwa wastani si chini ya mara moja katika kila tatu. Vipimo vinatoa mara moja katika nne.

“Maana yake nini?” nilimuuliza.

“Maana yake, mama watoto, jibu halikuwepo likingojea. Wapo wanaobisha, lakini wengi wetu tunaisoma hivyo. Chembe haikuficha kitu. Haikuwa na jibu mpaka ilipoulizwa.”

“Na ujumbe? Moja haimtumii mwenzake?”

“Hakuna ujumbe unaoweza kuutuma kwa njia hiyo. Hata salamu.”

Nilikuwa na miaka arobaini, na sikumbuki kufurahishwa na jambo lolote kuliko hilo. Nililirudia jikoni nikimenya ndizi, mpaka nikaridhika kwamba nimelielewa, wala sikuwa nimelikariri.

Yule binti hakurudi na mfuko. Wazazi wake walihamia Babati wiki ile ile. Mume wangu akabaki na kandambili moja ya bluu ya mguu wa kushoto, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Akachukua yangu nyekundu ya kulia, ambayo mwenzake ilikuwa imekatika, akawa anavaa hizo mbili, kisigino cha kulia kikiwa nje. Nilimkataza asionekane nazo. Katikati ya Novemba nilikwenda Makumira kumuuguza mama yangu, na niliporudi nikamkuta bado anazo. Jumapili ya tarehe 1 Desemba nikaitupa ile nyekundu kwenye moto wa takataka.

Siku niliporudi kutoka Makumira nilikuta pia jambo jingine. Kati ya nyumba na madarasa palikuwa pamepandwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, mbichi, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Kwao na kwetu masale hupandwa mpakani. Isale hilo hilo pia hupelekwa na anayeomba msamaha, na anayeletewa hakatai. Mimi niliwaza mchicha wangu.

“Umefanya vizuri,” nilimwambia. “Wanafunzi walikuwa wananikanyagia bustani.”

“Ee,” akasema.



Alifariki tarehe 3 Juni 1998. Tulimzika kwao Kilimanjaro, kama desturi yao ilivyotaka, nami sikupinga. Tarehe 18 Julai ndugu zake walikuja Lemara kwa kikao cha ukoo, kikafanyika katika darasa la kwanza, watu wazima wameketi kwenye madawati. Aliyeongoza alikuwa baba yake mdogo, mzee wa heshima ambaye wote tulimwita meku. Kulikuwa na mzee wa kanisa, na kulikuwa na kaka wawili wa marehemu, mkubwa na mdogo. Pombe ya mbege ilikuwa kwenye ndoo karibu na ubao.

Yule mkubwa alisimama. Alisema marehemu aliwaambia kwa kinywa chake kwamba nyumba ni ya mkewe, lakini madarasa na ardhi yake ni ya ukoo, kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume na mabinti wataolewa. “Na mpaka akauweka mwenyewe,” alisema, akinyoosha kidole dirishani kwenye masale.

“Aliwaambia lini?” niliuliza.

“Shemeji, wewe na tarehe zako!” Watu wakacheka. “Alituambia. Mdogo wangu alikuwepo.”

“Nilikuwepo,” alisema mdogo.

Nilikuwa na uhakika kwamba wameyaona masale msibani hapa nyumbani na kuyatungia hadithi. Nikamgeukia mzee.

“Meku, naomba mmoja wao atoke.”

“Atoke aende wapi?”

“Kwenye migomba, akae na mzee wa kanisa. Nitamuuliza huyu, kisha aitwe yule nimuulize yale yale. Wakipishana, kiwanja chote ni changu na wanangu. Wakipatana, nitanyamaza.”

“Elimu ya ukubwani hiyo!” alisema kaka mkubwa. “Kesho atatupigisha magoti.”

“Mimi sitoki bila kikombe changu,” alisema mdogo, na vicheko vikaanza upya.

Meku hakucheka. “Mwanamke ameomba jambo dogo. Toka na kikombe chako. Lakini wewe mama, umelisikia neno lako mwenyewe? Utanyamaza?”

“Nitanyamaza.”

Nilimuuliza mkubwa walikaa wapi siku hiyo. Barazani. Walikunywa nini? Chai, kwa sababu mama mwenye nyumba hakuwepo wa kuwapikia. Hayo waliweza kuyapanga. Nikauliza la tatu, ambalo nililichagua pale pale kwa sababu hakuna mwongo anayejiandalia upuuzi kama huo.

“Alikuwa amevaa nini miguuni?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Kisha akatabasamu. “Kandambili. Moja bluu, moja nyekundu.”

Aliitwa mdogo. Barazani, alisema. Chai ya rangi. Nilipofika swali la tatu alianza kucheka kabla sijamaliza.

“Shemeji, hilo nitalisahau vipi? Mguu huu bluu, huu nyekundu, kisigino kiko nje! Nikamwambia, kaka, umevaa ya mkeo? Akasema, ‘Ya kwake ndiyo iliyobaki.’”

Hakuna aliyeelewa kwa nini nilikaa chini. Wao waliona majibu mawili yamepatana. Mimi niliona kalenda. Kandambili zile zilivaliwa pamoja kati ya tarehe 14 Septemba na tarehe 1 Desemba 1996, na katika muda huo kaka zake hawakukanyaga Lemara nikiwepo. Basi walikuja nikiwa Makumira namuuguza mama. Madarasa yalikuwa yamekwisha kuezekwa tangu Machi. Aliyatoa akijua kila tofali lilipita mkononi mwa nani, na alipoyatoa alikuwa amevaa kiatu changu.

Hapakuwa na ufungamano wowote katika kikao kile. Shemeji zangu walikuwa kandambili tu: jambo lilitokea, wakaliona wote wawili, kila mmoja akaondoka na upande wake. Kilichoniuma ni mume wangu. Tangu Jumamosi ile nilimsikia akiwaambia watoto wa watu kwamba kuna vitu duniani visivyo na jibu mpaka viulizwe. Angekuwa kitu cha namna hiyo, ningeweza kujifariji kwamba kama ningemuuliza kuhusu masale yale, pengine jibu lingeangukia upande wangu. Lakini yeye alikuwa na jibu. Alikuwa nalo akila chakula changu, akinisahihishia hesabu zangu, akiitikia “Ee.”

Mwalimu mwenzangu alinishauri niende mahakamani, akisema sheria huenda ikanitazama vizuri zaidi kuliko ukoo. Huenda. Sikwenda. Nilikuwa nimetamka mbele ya watu kwamba nitanyamaza, na sikusoma kwa mshumaa ili wapate kusema neno langu halina thamani.

Kabla ya Krismasi darasa la kwanza lilikuwa glosari na la pili stoo ya soda na bia. Ubao waliuacha ukutani, wakaandika bei juu yake. Wanafunzi waliosalia niliwafundishia barazani, na nilipofika kwenye chembe zilizofungamana sikutumia kandambili wala kitu kingine chochote cha nyumbani. Nilichora tu. Mikokoteni ya kreti ilikuwa inakata njia ya mkato katikati ya masale, ikafungua pengo upana wa mlango.

Asubuhi moja ya Januari 1999 kaka yake mkubwa alikuja peke yake, kofia mkononi. Alikuwa ameshika isale, kitawi kizima na shina lake.

“Habari za asubuhi, shemeji.”

“Nzuri. Karibu.”

“Sitakaa. Nimeleta hili. Sisi hatukusema uongo, unajua. Lakini naona hata salamu zako siku hizi zina baridi.”

“Hamkusema uongo,” nilisema.

Nililipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Nikaingia ndani, nikatoka na jembe, nikaenda kwenye lile pengo, nikachimba, nikalisimika shina na kulishindilia udongo kwa mguu. Alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza.

“Shemeji,” alisema polepole, “lile halikuwa la kupanda.”

“Najua,” nikamjibu, nikaenda kuchota maji ya kulimwagilia.