Turfosa Mwingine

Juzi, kwenye tamthilia ya runinga, mama mkwe alimfukuza mke wa mwanawe kwa sababu ya kabila lake. Nikaizima.

Nilikumbuka alasiri moja kwetu Sindo, uani kukinuka omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa. Mwanamke Mkuria alisimama getini na msichana wa rika langu.

"Mkuria haingii hapa," mama alininong'oneza. "Waambie baba hayuko."

Nikawaambia, huku baba akikohoa chumbani.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza msichana.

"Turfosa."

Nikakasirika. Hilo lilikuwa jina langu, nililopewa la marehemu nyanya, mzaa baba.

"Umeniibia jina!"

Aliutazama mlango wetu mpaka mama yake akamvuta mkono.

Leo najua jina alipewa na baba yetu, na kwamba kile kikohozi alikisikia.