Gitaa la Umeme Bila Waya

Mwezi uliopita nilirudi Lodwar kumzika mwalimu wangu wa hesabu, nikakuta kanisani spika mbili kubwa kama friji. Wazee wa kanisa ndio walikuwa wa kwanza kucheza. Nilikunja uso, rafiki yangu, mpaka mama aliyekaa karibu nami akanipa maji, akidhani ni joto.

Mwalimu alikuja Turkana kutoka “Kenya”, kama watu wa huko wanavyoita kila kitu kuanzia Kitale kwenda kusini, akiwa na sanduku la nguo na gitaa la umeme, jekundu, lenye pembe mbili kama beberu. Jumamosi tulimchotea maji kwenye visima vya mchanga wa mto Turkwel, naye akatugawia samaki mkavu wa kuchoma na hadithi za wanamuziki wa rock: jinsi walivyopanua miguu jukwaani, jinsi walivyoiacha noti moja ilie hadi watu nao walie. Picha zao alizikata magazetini akazibandika pale ambapo nyumba nyingine ziliweka kalenda ya kanisa. Tuliwaigiza kwa mafagio. Mimi nilikuwa hodari wa kuruka. Kupiga sikujua, na chuo kikuu hakikusaidia.

Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: gitaa lake lisikike Jumapili. Nyumbani kwake hapakuwa na umeme, lakini kanisani jenereta ilikuwepo, na spika ya mhubiri pia. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa uamuzi ambao sijaona kamati nyingine ikiuweza.

“Gitaa haina neno, mwalimu,” mzee wa kanisa alimwambia mbele ya kwaya yetu ya watoto. “Lakini hiyo waya wacha nyumbani. Waya ndio inaleta disko.”

Akakubali, akiamini kwamba Krismasi ikifika watalegea. Basi kwa miaka akapiga gitaa la umeme bila umeme. Kwaya iliimba, makofi yakavuma, naye pembeni amefumba macho, vidole vinakimbia, jasho linamtoka, na hakuna aliyesikia hata noti moja. Sisi watoto tulijua kwamba anapiga vizuri mno. Nani angetubishia?

“Ejok, mwalimu!” muuza samaki alikuwa akimsalimu mlangoni. “Leo tena umekuna hiyo mbuzi yako!”

Krismasi zikapita.

Kisha vijana wakimbizi wa Sudan Kusini, kule kambi ya Kakuma, wakamwalika kwenye kanisa lao. Wao walikuwa na amplifaya, na waya hawakuiogopa. Alituchukua kwaya nzima nyuma ya lori, tukala vumbi hadi Kakuma. Alivaa shati jeupe. Akachomeka.

Ilitoka sauti ya bati linalokwaruzwa. Akakaza nyuzi, akaanza upya, mambo yakazidi kuharibika. Haikuwa kutu peke yake. Makosa yote ya miaka ile, ambayo hakuna sikio lililowahi kuyasahihisha, hata lake mwenyewe, yalitoka kwa pamoja.

“Ustaz,” kijana wa ngoma akamuuliza kwa upole, “hii kitu iko na homa?”

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akachomoa waya, akaumalizia wimbo kimya, kama alivyozoea.

Hakulibeba gitaa kanisani tena. Kamati ikamshukuru Mungu kwa amani.

Siku ya mazishi walisoma shule alizofundisha na vyeti alivyopata. Gitaa halikutajwa. Nyumba yake ya zamani imebomolewa, na wale tuliocheza na mafagio tumetawanyika. Yule mzee wa kanisa bado yupo. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, macho yamejaa machozi.

“Mwalimu alikuwa mtu mtulivu sana,” akasema. “Hakuwa na kelele hata kidogo.”

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, nikakosa. Alikuwa anamsifu kwa dhati.

Kama mwalimu alikuwa na kipaji, sijui, wala yeye hakujua. Hilo lingejulikana wakati vidole vyake vilikuwa bado vinafundishika, na wakati huo alikuwa anangoja Krismasi.