Shuka Katikati ya Sebule

Siku ile tulikuwa watano. Mimi mwenyewe; binti yangu kitindamimba, aliyeolewa Busia upande wa Kenya; mumewe, yaani mkwe wangu, fundi wa mabomba; dada yake mkwe, wifi wa binti yangu, ambaye nyumba yake na yao zimepakana; na mjukuu wangu wa miaka saba, mguu umefungwa plasta kutoka paja hadi vidole kwa sababu ya mpera. Majina yao yote ninayo, hata la mbuzi aliyekuwa akilia uani, ila wamenisihi nisiyaandike, basi siyaandiki.

Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Mukuju, upande wa Uganda, kumwona mtoto. Kulala, nililala kwa wifi, maana kwetu mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe wake wa kiume, wala kukaa naye sebule moja wakatazamana usoni. Mchana mkwe akiwa kazini nakaa na mtoto. Nikisikia baiskeli yake, natokea mlango wa jikoni. Huo si ugomvi, ni heshima, na yeye anaishika kuliko wengi. Akiniona njiani anaingia kwenye mahindi ya watu.

Mtoto hakuelewa. Alikuwa na filamu moja kwenye flashi, ya sanamu za udongo zinazotembea na kusema, na alitaka tuitazame pamoja, mimi na baba yake. Kila nikitoka mbio anakataa uji.

"Kukhu," akaniambia, ndivyo wanavyomwita bibi kule, "unamchukia baba?"

"Namheshimu."

"Sasa mbona unamkimbia?"

Kesho yake nilikuwa narudi nyumbani, na sikutaka nimwache amelala pale na wazo hilo kichwani.

Wifi ndiye aliyekuja na shuka. Alilifunga kwenye msumari wa dirisha na kwenye boriti, likagawa sebule sehemu mbili, mbele kukabaki nafasi ili pande zote zione televisheni. Mtoto tukamlaza kwenye godoro pale shuka lilipoishia, anaona huku na huku.

"Bibi harusi wangu ndiye huyu," wifi akasema, akinikalisha kwenye mkeka, mkwe akiwa ameshaketi upande wa pili. "Jino moja, lakini bado mzuri. Bwana harusi, usichungulie!"

"Wewe nawe," binti yangu akamwambia, "nyamaza filamu ianze."

Ilikuwa ya familia ya kanga. Yule mdogo anapotea sokoni siku ya gulio, na wenzake wanamtafuta. Nyasi zao zilikuwa nyuzi za sweta, mto wao karatasi ya nailoni. Mimi nimefinyanga vyungu tangu usichana, kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye shavu la mama kanga. Palikuwa na alama ya kidole gumba. Inaonekana, inapotea, inarudi mahali pengine.

"Kuna mtu anamshika," nikasema.

"Ndiyo, mama," binti yangu akasema. "Anamsogeza kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, kanga apige hatua chache tu."

Nilimfikiria mtu huyo, mgongo wake, macho yake. Ndiyo maana kanga wale waliniingia moyoni: hakuna aliyeinua bawa bila mtu kumwinulia.

Baba kanga alipokwama mguu kwenye sufuria, nikasikia kicheko nyuma ya shuka. Tangu aje kuposa kwangu sikuwahi kumsikia mkwe wangu akicheka. Anacheka kwa pua, kama mtoto. Na mimi nikacheka, na mjukuu akawa anageuza kichwa huku na huku, hata filamu haitazami tena.

Mama kanga ndiyo kwanza ameuona unyoya wa mwanawe chini ya meza ya muuza samaki, stima ikapotea, televisheni ikazimika.

Mtoto akaangua kilio. "Kukhu hajaona mwisho! Kesho anaenda!"

"Stima itarudi," mama yake akasema.

"Ikirudi leo, mimi naolewa upya," wifi akajibu.

Basi, kwa mwanga wa jioni uliobaki dirishani, nikaona shuka likitikisika chini. Mkono ukatokea, kucha nyeusi kwa kazi, ukasimamisha mwiko kwenye sakafu.

"Huyu ndiye mtoto wa kanga," sauti ikasema. Haikunisemesha mimi, ilimsemesha mtoto. "Amejificha chini ya meza."

Kilio kikakatika. "Na mama yake?"

Nikachukua kikombe changu cha uji. "Mama yake huyu hapa."

Tukaanza kuwasogeza, mtoto akakasirika. "Si hivyo! Mnawaburuta! Lazima watu wafumbe macho kwanza." Akajiweka sawa kwenye mto kama mwalimu. "Fumba!" Tukafumba. "Fumbua!" Mwiko umesogea upana wa kidole. "Fumba! Fumbua!" Kikombe nacho kimesogea. "Shangazi anachungulia!"

"Mimi mzee, kope hazifungi vizuri," wifi akajitetea.

Hivyo hivyo, fumba, fumbua, mpaka mwiko na kikombe vikakutana chini ya upindo wa shuka.

"Mama yake alimwambia nini?" nikamwuliza mjukuu.

Aliyejibu ni sauti ya nyuma ya shuka. "Hakusema kitu. Alimfunika na bawa."

Nikakiinamisha kikombe changu, kikaegemea mwiko.

"Baba," mtoto akauliza, "wewe unamchukia Kukhu?"

"Namheshimu."

Akatazama upande ule, akatazama upande wangu. Kisha akaomba uji, na safari hii aliumaliza.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Mimi nasema ulikuwa mwiko, binti yangu anasema ulikuwa upawa. Na kama yupo mkubwa wa kwetu anayejua kwamba hata mkono haukupaswa kupita chini ya shuka, aje aniambie. Na wale wanne wakisoma, waniambie nilipokosea.