Nauli ya Jeneza

Saa nne na dakika ishirini asubuhi nilikuwa dukani kwangu Kaisho, nalehemu waya wa redio ya mteja, dada yangu alipoingia na kunikabidhi simu. Wakala wa meli alikuwa bado anaongea. Meli ya mizigo aliyofanyia kazi mpwa wangu ilikuwa imezama mbali na pwani, naye alikuwa ndani, chumba cha injini. Niliuliza kina. Kilomita nne, akasema.

"Wanamleta lini?" dada akauliza.

Kwetu mtu huzikwa kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani kwao. Juma halijaisha, majirani walikwisha kuchanga nauli ya jeneza, nikapewa mimi kuitunza. Baba mdogo alipigilia vigingi mahali pa kaburi. Kisha tukasubiri, hadi wakala alipotuambia kwamba hakuna atakayeshuka kumtoa.

"Waitu kaka," dada alisema akimenya ndizi, "watu wamefika mwezini. Chini ya maji wanashindwaje?"

Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Nikamweleza kwa mpangilio. Anayekwenda mwezini anauona mwezi. Baharini mwanga wa jua hufifia mapema, chini yake ni giza tupu. Halafu uzito: kwenye kina kile, eneo la ukucha wa kidole kidogo hubebeshwa zaidi ya magunia sita ya kahawa. Vyombo vinavyostahimili hayo ni vichache duniani, ni ghali mno, na vikifika huona hatua chache tu mbele ya taa zao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kule chini haijatazamwa na mtu yeyote.

Baba mdogo akacheka. "Profesa wa redio! Bahari umeionea wapi, huko kijijini Bugomora?"

"Sijaiona, baba."

"Basi tulia. Wana setilaiti. Wanaona hadi bati langu lililotoboka."

"Zinaishia juu ya maji. Mawimbi ya redio hayapenyi."

"Nani kakudanganya?"

Nikafunga simu yangu na jiwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni, nikaishusha kwa kamba hadi chini ya tangi la maji ya mvua. Nikamwomba baba mdogo apige. Hakuwa na salio. Dada akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga yeye, akaweka sauti kubwa.

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Ilikuwa sauti ile ile aliyokuwa akiisikia kila asubuhi kwenye namba ya mwanawe. Hilo sikuwa nimelifikiria. Akapiga tena, akasikiliza hadi mwisho.

"Umeishusha kiasi gani?"

"Kama futi sita."

"Futi sita," akasema.

Baba mdogo akawa anatazama chini. Nilivuta kamba. Simu ilishika mtandao, ikaleta ujumbe kwamba dada amenipigia mara mbili.

"Ya kwako imerudi," akasema, akachukua kisu na kuendelea kumenya.

Kesho yake baba mdogo aling'oa vigingi. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba kurudisha michango, lakini hakuna aliyekubali kupokea fedha ya jeneza. Ninayo hadi leo, haijapungua: shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini.