Siku Kichwa cha Kuku Kilipomwelekea Su-ha

Kumpata Su-ha kiwandani kwetu hukuhitaji kuuliza. Ulisimama tu mlangoni ukasikiliza, na katikati ya kelele za mashine za kufuma soksi ungemsikia mtu akiimba nyimbo za mapenzi kwa sauti ya kunadi samaki. Huyo ndiye. Alizaliwa hapa hapa Shetou, mji wetu wa viwanda vya soksi, binti wa mkulima wa mapera, akaingia kazini kwa Bosi Lau angali msichana, mwaka ambao baba yake alianguka akavunjika mguu. Aliletwa kushona ncha za soksi, kazi ninayoifanya mimi mpaka leo. Haikumtosha. Mashine ikikwama, yeye alikuwa wa kwanza kuinama chini yake, mafuta mpaka puani, akiitukana kama vile imemwibia mume.

Miaka ikaenda, akawa yeye ndiye anayezitengeneza. Alizitengeneza akiwa na mimba, alizitengeneza akiwa na mtoto mgongoni. Wavulana walipoletwa, aliwafundisha yeye, na kila mvulana akishajua kushika spana aliitwa fundi. Su-ha aliitwa msaidizi. Nasema wazi kwamba jambo hilo lilinikera mimi kabla halijamkera yeye. Mimi nina hasira za karibu, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Su-ha alicheka tu, akaendelea kuimba.

Kicheko kilikatika mchana mmoja tukiwa tunakula. A-Hok, kijana mpole ambaye hata kufungua skrubu alifundishwa na Su-ha, alikuwa anajigamba kwamba atamwoa msichana wa posta.

"Utamlisha nini, upepo?" Su-ha akamtania.

"Yuan elfu ishirini na nne kila mwezi si haba, dada. Wewe mkongwe bila shaka unapata zaidi. Ungeniazima basi za mahari."

Su-ha akaweka vijiti vyake juu ya bakuli. Yeye alikuwa akipokea elfu kumi na tano. A-Hok alipomwona vile akageuka mwekundu, akaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Jioni ile ile Su-ha alikwenda ofisini. Mlango ulikuwa wazi, nasi tukashona kwa mikono tu, masikio yote yako kule.

"Bosi, nataka mshahara wa fundi."

"Su-ha, wewe ni kama dada yangu, unajua hilo. Lakini wanaume wana familia za kulisha."

"Na wale wangu watatu? Niliwaokota sokoni?"

"Una mume."

"Mume wangu mgongo mbovu, bosi. Anapika, anafua, na wali anaunguza. Wa kumlisha ni mimi."

Tukaziba vinywa vyetu kwa soksi tusisikike. Bosi Lau si mtu mbaya, ila ni bingwa wa kesho na keshokutwa. Akasema atampa jibu mwaka utakapofungwa. Kwetu mwaka hufungwa kwa karamu: bosi anawakalisha wafanyakazi wake mezani, anawamiminia bia, anawashukuru kwa jasho lao. Kumbe Su-ha alikuwa ametoka mle ofisini hajui kama amejiombea nyongeza au amejimwagia unga. Siku zote zilizobaki hakuimba, na mimi niligundua kwamba bila ile sauti yake mbaya kazi haiendi.

Karamu ilifanyika uani, chini ya turubai. Wapishi walikuwa wageni, maana yule wa siku zote alikuwa anamwoza binti yake. Meza kuu alikaa Bosi Lau na sisi wakongwe: Su-ha, mimi, Li-ngo wa idara ya kutia rangi, A-Hok kwa kuwa fundi ni fundi, na Bibi Lau, mama yake bosi. Huyu bibi na marehemu mumewe ndio walioanza na mashine moja jikoni kwao, na sasa amezidi miaka sabini, haongei sana, ila macho yake hayapitwi na uzi.

Wakaja kamba, akaja samaki. Bosi akainuka kwenda kugonganisha glasi na meza nyingine. Ndipo mtoto mmoja wa wapishi akaleta kuku mzima, kichwa juu, akamweka kwenye kile kioo cha duara kinachozunguka katikati ya meza, akaenda zake. Mdomo wa kuku ulimtazama Su-ha.

Hakuna mtu kwetu asiyejua maana yake. Kwenye karamu ya kufunga mwaka, kichwa cha kuku kikikuelekea, baada ya sikukuu ya mwaka mpya usirudi, kazi huna. Ndiyo maana kwa Bosi Lau kuku huletwa amekatwakatwa, kichwa kimezikwa chini ya nyama. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Su-ha akamtazama yule kuku, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Miaka ishirini na zaidi, watoto watatu, mume wa mgongo mbovu, na jibu ndilo hili, halikusemwa hata kwa mdomo wa mtu. Moyo uliniuma, halafu hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka.

Nikanyoosha mkono nikasukuma kioo. Kuku akazunguka, kichwa kikanitazama mimi.

"Kama ni yeye, na mimi nimo," nikasema.

"We, usijipendelee!" akadakia Li-ngo, akakisukuma. "Mimi ndiye ninayechelewa kila Jumatatu. Nifukuzeni mimi!"

"Leteni huku!" wakapiga kelele wanawake wa meza ya pili, na kabla hujapepesa macho walikuwa wamesimama nyuma yetu, kila mmoja anautaka mdomo wa kuku. Kuku wa watu akazungushwa mpaka mchuzi ukaturukia nguoni. Hatimaye A-Hok akakizuia kioo, kichwa kinamtazama yeye.

"Alinifundisha dada," akasema. "Akiondoka yeye, mimi nabaki kufanya nini?"

Bosi Lau akarudi na chupa mkononi. Akamwona kuku, akatuona sisi, uso ukamgeuka rangi ya unga wa mchele. Shehena ya soksi za Wajapani ilikuwa iondoke baada ya sikukuu, na bila sisi nani angeimaliza?

"Si mimi! Sikuagiza mimi kichwa! Ni wapishi! Wewe mpishi, njoo huku useme!"

Mpishi akachungulia, akasema kwao kuku bila kichwa ni matusi kwa wageni. Watu wakacheka, Su-ha peke yake hakucheka.

"Sawa, bosi, hukuagiza," akasema. "Basi jibu langu liko wapi?"

"Su-ha, leo ni sherehe..."

"Uliniambia mwaka ukifungwa. Umefungwa."

"Wanaume wana familia..." Hakumaliza. Wanawake thelathini walipiga mluzi, na mmoja akauliza kama sisi majumbani kwetu tunafuga kuku tu, si watoto.

Ndipo mkono mkavu ukaja juu ya kioo. Bibi Lau alikizungusha polepole, akakisimamisha. Kichwa kilikuwa kinamtazama yeye.

"Mama, unafanya nini?"

"Mimi pia nifukuze, mwanangu. Nimefuma soksi miaka thelathini, mchana kiwandani, jioni jikoni. Baba yako aliwalipa mafundi, akalipa umeme, akalipa uzi. Mimi sijawahi kushika bahasha ya mshahara. Nilikuwa naomba hela ya chumvi."

Hakuna aliyecheka. Bosi Lau aliiweka ile chupa mezani, akakaa, akamtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nilidhani ulikuwa umeridhika," akasema.

"Hukuuliza."

Akajifuta uso. Kisha akasimama tena, na safari hii hakutafuta maneno. "Kazi ile ile, mshahara ule ule. Su-ha ni fundi kuanzia leo, na kila anayefanya kazi ya fundi ni fundi. Mama, na wewe... na wewe utalipwa."

Turubai lilitaka kung'oka kwa vifijo. Su-ha alilia, akacheka, akaimba vyote kwa pamoja, na sijapata kusikia wimbo ulioharibiwa kwa utamu kama ule. A-Hok akapiga fataki mapema mno, mbwa wa jirani wakakimbia. Yule kuku tulimla mpaka mifupa.

Sikukuu ikaisha, mashine zikawashwa, siku ya mshahara ikafika. Tulipanga foleni mbele ya dirisha la ofisi. Su-ha alifungua bahasha yake pale pale, akaziona elfu ishirini na nne, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Nyuma yetu alisimama Bibi Lau na fimbo yake, amevaa koti la kutokea. Mwanawe alitaka kumletea bahasha nyumbani. Alikataa, akasema foleni ni foleni.

Alipoipokea aliishika kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

"Su-ha," akanong'ona, "sasa mtu akishalipwa anafanya nini?"

"Anakwenda kula, Bibi. Twende zetu."

Tukaenda watatu kwa muuza tambi karibu na stesheni. Su-ha akatoa pesa yake ili atulipie, Bibi akaupiga mkono wake kofi. Akafungua bahasha, akachomoa noti moja mpya, akampa muuzaji, kisha akakaa akisubiri chenji yake.