Punda Kuvikwa Viatu vya Ndovu

Sisi watoto wa miaka ya hamsini tulicheka, jamani, mpaka mbavu zikauma! Nnakumbuka njia ya Makunduchi ilivyokuwa mawe matupu, na Baba na gari yake ya mbao ya abiria, kila safari akikwama. Basi ilipokaribia sherehe ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kwetu wa jadi, akapata tairi kuukuu za lori la jeshi, kubwa, zina meno kama papa. Akazifunga. Gari ikanyanyuka, ikawa tunaingia kwa kupandia kigoda.

Mama akaizunguka, mkono kiunoni. "Mume wangu, punda umemvika viatu vya ndovu. Miguu yake itaviweza?"

"Mama Asha, wewe shughulika na mandazi yako."

Mama akazipakia tairi za zamani ndani, ati za kukalia watu, na ile ekseli ya akiba, chuma cha kuzungushia magurudumu, iliyokaa uvunguni akaizungushia kanga, akaipakia pia. Mandazi yenyewe, nisije nikasahau, yalinukia iliki mtaa mzima wa Jang'ombe. Ya siku hizi yananuka mafuta tu. Haya, turudi garini.

Tukatoka alfajiri, kina mama tele, migomba ambayo wanaume hupigana nayo kwa mchezo siku hiyo imefungwa juu. Bibi yangu alikuwa anatungoja Makunduchi. Kule, nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka huonekana ina mkosi, na ilibidi tufike kabla hakijachomwa kibanda cha makuti cha kuuagia mwaka.

Kwenye vilima gari ikapumua kama mzee mwenye pumu. Tairi kubwa, injini ile ile. Karibu na Kitogani gurudumu likabanwa na mawe. Baba akakanyaga mafuta kwa hasira. Tairi zimeng'ang'ania, hazitelezi wala nini, kilichokubali kuvunjika ni ekseli. Paa!

Kina mama walikuwa na nyimbo zao za kuwakejeli wanaume huko kwenye sherehe ya Mwaka. Wakaona wangoje nini? Wakaizunguka gari, Baba yuko chini yake: "Dereva kiatu kikubwa, mguu umemvunjika!" Shangazi Mize akapiga vigelegele. Baba mwenyewe akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Akatia ekseli mpya, akarudisha tairi za zamani. Tukafika makuti ndiyo kwanza yanashika moto! Bibi yuko mlangoni, sufuria hajaifunua. "Karibuni wageni wangu. Nshakata tamaa, nikajua leo nnakula peke yangu."

Mwaka uliofuata Baba alichagua tairi zilizozidi kidogo tu: gari ijae watu, usukani ukatwe mpaka mwisho, na kiganja bado kipite kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake. Mawe akayapanda kwa gia ya kwanza, kama anayebembeleza mtoto. Ekseli haikukatika tena.

Mjukuu wangu naye kaifunga gari yake tairi zinazonifika kifuani, na njia yake ni lami tupu mpaka Forodhani kula urojo. Juzi, mimi na rafiki zake tumo ndani, akapanda ukingo wa barabara kwa mbwembwe, ekseli ikakatika. Nikashuka nimefurahi kama mtoto, nikangoja wimbo. Vijana wote wakainamia simu zao. Basi nikaanza mwenyewe, kwa sauti yangu hii iliyokauka: "Dereva kiatu kikubwa..."

Hakuna aliyeitikia.