Tawi Bichi Kwenye Usukani

Mwaka 1996 niliongoza msafara wa kwenda kuchukua maiti ya mtu niliyekuwa najua kabisa kwamba yuko hai.

Sikuwa nimelewa wala sijalogwa. Ukweli niliusema mapema, tena kwa sauti. Walichofanya ni kunipa maji ya kunywa na kuniambia nijikaze.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Dafrosa. Enzi hizo ni binti wa miaka kumi na tisa, nashona nguo kwenye kibaraza pale Makanyagio, Mpanda. Tulikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, hayo ya Katavi kuwa mkoa hakuna aliyeyaota. Baba alishafariki, nikawa naishi kwa mdogo wake, Bamdogo Cletus, na mkewe, Mamdogo Lusia.

Baba aliniachia kitu kimoja tu: baiskeli. Phoenix nyeusi, kengele yake inasikika mtaa wa pili.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Nikiona njia nisiyojua inatokea wapi, situlii. Jumamosi nikipata nafasi natoka. Leo nakatiza Kawajense, siku nyingine nafuata reli, siku nyingine nazunguka bwawa la Milala kuangalia viboko wanavyopiga miayo. Siendi kwa mtu. Napiga misele tu, upepo usoni, roho nyeupe.

Sasa jaribu kumweleza hivyo mtu wa Mpanda ya wakati ule!

Baiskeli ilikuwa ya kazi. Inabeba muhogo, mkaa, madumu ya maji, mgonjwa. Ukionekana juu ya baiskeli huna mzigo, basi ni mawili: umetumwa kupeleka taarifa ya msiba, au una mtu wako mahali. Na kwa binti, watu hawakuhangaika na lile la kwanza.

"Dafrosa, juzi ulikuwa kwa nani kule Misunkumilo?"

"Sikuwa kwa mtu, mama."

"Haya bwana."

Hiyo "haya bwana" ilikuwa inaniuma kuliko tusi.

Nikabuni ujanja. Nikajaza pumba kwenye kiroba, nakifunga kwenye keria nikiwa napita mjini, nionekane naenda mashine kusaga. Nikifika porini nakificha kichakani, naendelea na mambo yangu. Lakini mji mdogo ule, utamficha nani? Maneno yakamfikia Bamdogo.

Bamdogo Cletus alikuwa mtu wa heshima zake. Mzee wa kanisa, haongei sana, hacheki hovyo. Kila Jumamosi anafunga jembe kwenye baiskeli yake, anakwenda shambani kwake mwisho kabisa wa Misunkumilo, anarudi jioni yuko hoi.

Akaniita.

"Nisikilize vizuri. Nikisikia tena umeonekana unazurura na baiskeli, Jumatatu inapanda treni, inakwenda Tabora kwa Josephat. Yeye ataitumia kwa maana."

Josephat ni mwanawe mkubwa.

"Bamdogo, ile ni ya baba."

"Na mimi ni nani?"

Nililia siku ile, nyie! Ilikuwa kama baba anakufa mara ya pili.

Nikavumilia. Phoenix inaegemea ukuta, mimi nakanyaga cherehani naiangalia. Mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mteja akanisimulia kwamba kule juu ya bwawa kuna njia ya wakata kuni, inapita mgongoni mwa kilima, haishiki tope hata masika.

Njia! Haishiki tope! Nikasema mara hii moja tu, nani ataniona?

Bamdogo alishaondoka na jembe lake. Nikavaa koti kuukuu la baba, nikajifunga khanga kichwa na mdomo, yamebaki macho. Nikapotea.

Jamani, ile njia. Changarawe ngumu, miti imekutana juu, chini unaliona bwawa lote linameta. Unapanda kidogo, unashuka sana. Nilikuwa napiga kelele peke yangu kwa furaha.

Halafu wakaja mbung'o.

Kama hujawahi kung'atwa na mbung'o, mshukuru Mungu wako. Anatoboa koti, anatoboa na shati. Na akiona kitu kinakimbia, ndiyo anakipenda. Nikasimama, nikavunja tawi lenye majani mengi, nikalichomeka kwenye usukani liwe linatikisika kuwafukuza. Nikakanyaga kwa nguvu zote kuteremka.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu wakati ule simu ilikuwa ya kwenda kupanga foleni posta. Mtu akifia mbali, anatumwa mwenye baiskeli, na anafunga tawi bichi kwenye usukani. Ukimwona wa hivyo humsalimii wala humsimamishi, unampisha. Mimi nalijua hilo toka utoto. Lakini mbung'o wakikuandama, hata jina lako la ubatizo hulikumbuki.

Chini kwenye kijito kulikuwa na akina mama wanafua. Wakasimama wote, mikono kichwani.

"Jamani! Kuna nini huko?"

Mdomo wangu uko ndani ya khanga. Nikawanyooshea mkono kule nilikotoka, nikimaanisha msiende, mbung'o wamejaa. Nikaongeza kasi.

Kule nilikotoka kulikuwa na shamba moja tu la mtu wanayemjua. La Cletus.

Mbele kidogo mbung'o wakaniacha. Nikatupa tawi, nikavua koti nikalifunga kwenye keria, nikazungukia Kawajense kutafuta kama kuna kijia cha kurudia. Nikachelewa huko.

Kufika nyumbani, uwanja umejaa watu. Mabenchi yametolewa, moto umewashwa, sufuria la maharage liko jikoni. Mamdogo Lusia amekaa chini, anagalagala.

Nikaangusha baiskeli.

"Nani? Nani amekufa?"

"Bamdogo wako, mwanangu. Jikaze."

Nilianguka pale pale. Nililia kilio cha kweli, maana pamoja na ukali wake, yule ndiye aliyekuwa baba kwangu. Katikati ya kwikwi nikauliza taarifa imeletwa na nani.

Akanijibu Celestin, fundi baiskeli wa pale mtaani, Mrundi wa Katumba. Mtu mwema sana. Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu.

"Kuna mtu ametokea kule na baiskeli. Amevaa koti, amejifunga uso, ana tawi. Akina mama wamemuuliza, akawaonyesha shamba la mzee. Hata hakusimama."

Nikageuza shingo taratibu. Koti la baba limelala kwenye keria yangu.

Kilio kikakatika. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka.

Hapo nilijua kabisa: nikifungua mdomo, Phoenix imeshapanda treni. Nikamwangalia Mamdogo anavyojipigapiga kifua. Nikafungua.

"Mamdogo, acha kulia! Mtu mwenyewe ni mimi! Tawi lilikuwa la mbung'o! Bamdogo hajafa!"

"Uuuwi!" Mamdogo akapiga yowe jipya. "Na huyu mtoto kachanganyikiwa! Mshikeni!"

Wakanishika. Maji yakaletwa. Kadiri ninavyoapa ndivyo wanavyonihurumia, kuna bibi mmoja akawa ananipepea na upande wa khanga.

Celestin akasema tumfuate mzee kabla mvua haijashuka. Wenye baiskeli wakajipanga, kila mmoja na tawi lake, na chaga ya kubebea maiti. Lakini mwingine akaguna: barabara ya shambani imeoza, tope linafika kwenye spoki.

Nikasema, "Iko njia ya juu, inatokea huko huko. Kavu."

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Wewe umeijuaje?" mama mmoja akauliza.

"Mama nanii, hilo si la leo," Celestin akamkata.

Basi wale wale walioniita mzururaji wakapanga mstari nyuma yangu. Mamdogo nikampakia kwenye keria, amekaa upande, analia mgongoni kwangu. Tukaanza kupanda kilima.

Tulipofika pale bwawa linapoonekana, kilio kikapungua.

"Dafrosa, huku ndiyo wapi? Mbona pazuri hivi?"

"Milala hiyo, Mamdogo."

"Kumbe!" Akanyoosha shingo aone vizuri. Halafu akakumbuka. "Uuuwi, Baba Josephat wangu!"

Ndipo tukasikia mtu anaimba.

Wimbo wa kwaya, sauti ya juu kabisa, unatokea mbele yetu kileleni. Msafara ukasimama. Kwenye kona ikachomoza baiskeli inateremka kwa kasi ya ajabu. Shati limefunguliwa vifungo vyote, linapepea nyuma. Jembe halipo. Miguu yote miwili iko juu ya usukani.

Ni Bamdogo Cletus. Mzee wa kanisa.

"Wiiiiii!" anasema.

Akatuona. Akaona matawi. Akaona chaga. Akamwona mkewe na khanga ya msiba kiunoni.

"NANI AMEKUFA?" akapiga kelele, na hapo miguu ikatafuta pedali isizipate. Akatupita, akaacha njia, akaishia kwenye jaruba la mpunga chini kule. Chubwi!

Hakuna aliyesogea.

"Yampayinka!" Celestin akashangaa kwa Kirundi chake, macho yamemtoka. Kisha kwa adabu kubwa, "Ni wewe, mzee. Tumekuja kukuchukua."

Mamdogo aliruka kwenye keria, akaingia na nguo zake kwenye tope, akamkumbatia mumewe, akalia machozi ya raha. Akamshika uso, akamshika mikono, yuko mzima. Akarudi hatua nyuma, mikono kiunoni.

"Baba Josephat. Jembe liko wapi?"

"Lipo shamba."

"Na wewe hapa ulikuwa unalima nini?"

Bamdogo akapangusa tope kwenye macho. "Nilikuwa najaribu breki."

Watu walicheka! Celestin alikaa chini kabisa. Mwingine alicheka mpaka akaiachia baiskeli yake nayo ikateremka jarubani.

Mamdogo peke yake hakucheka. "Nakuuliza hivi. Treni ya Jumatatu inabeba baiskeli moja, au mbili?"

Bamdogo akanitazama. Mimi nimeshika Phoenix yangu kwa mikono yote.

"Treni siku hizi ina mizigo mingi sana," akasema polepole. "Sidhani kama kuna nafasi."

Maharage ya msiba tuliyala jioni ile kwa vicheko, na aliyelia sana akaongezwa.

Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni maneno aliyoniambia njiani tukirudi, tunakokota baiskeli, wengine wametangulia.

"Sikukukataza kwa ubaya, mwanangu. Ile njia ni yangu miaka mingi. Niliposikia unazungukazunguka Misunkumilo, nikajua siku moja tutakutana pale juu. Mtu mzima mimi, uso ningeuweka wapi?"

Nilikasirika. Kunitoa machozi yote yale kwa sababu hiyo! Halafu nikamtazama, tope limemkaukia masikioni, nikaona huruma. Jumamosi zote hizo alikuwa anafurahi peke yake, na akirudi inabidi ajifanye amechoka.

"Bamdogo, wiki ijayo tufuate reli?"

Akaangalia mbele, akahakikisha mkewe hasikii.

"Tutoke mapema," akasema.

Tuliendesha pamoja miaka mingi, na watu wakachoka kutushangaa. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akikukataza raha yako kwa ukali kupita kiasi, usiwahi kumchukia. Mwalike kwanza. Huenda hakuwa na shida na wewe, alikuwa anakosa mtu wa kwenda naye.